Guakamole na utani uliopewa cheo cha historia

Jumapili moja nyumbani kwa dada yangu, Tabata, mpwa wangu alitutengenezea guakamole. Kijana ametoka kwenye mafunzo ya hoteli na mikono bado inamwasha kufanya kazi. Alichagua maparachichi matatu ya Tukuyu, akayabonyeza karibu na kikonyo, si tumboni kama tunavyofanya wengi wetu gengeni hadi mwenye mali anakunja uso. Akayapasua, akang'oa kokwa, akakomba nyama yake kwa kijiko na kuiponda kwa uma ndani ya bakuli la udongo. Akatia kitunguu maji kilichokatwakatwa, nyanya iliyokamuliwa mbegu zake, nusu ya pilipili mbuzi, kotmiri, chumvi na ndimu. Hakuponda mpaka ikawa uji. Aliacha vipande vionekane. Mama yake alikuwa anaelekea kijiko cha pili pale kijana aliposema, kwa raha ya mtu mwenye siri:

"Mjomba, unajua maana ya guakamole? Ni korodani zilizosagwa. Kwa lugha ya Waazteki."

Meza nzima ikacheka. Dada akakirudisha kijiko sahanini polepole, kama mtu aliyekuta unywele kwenye pilau. Nikamuuliza kijana nani kamwambia. "Mjomba, ipo kila mahali."

Hapo hakusema uongo. Ipo kila mahali. Ukiuliza simu yako jina parachichi limetoka wapi, utaambiwa kwamba Waazteki waliliita tunda hilo korodani kwa sababu ya umbo lake na kwa sababu huning'inia mawili mawili, na kwamba guakamole, kwa hiyo, ni mchuzi wa kitu hicho. Wengine wanatia chumvi zaidi, eti msimu wa mavuno mabinti walifungiwa ndani. Waswahili husema lisemwalo lipo, na hapa kweli kuna kitu kilichopo. Tatizo ni kwamba kimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Nami naona kazi ya kukigeuza inafaa kufanywa na sisi wasemaji wa Kiswahili, maana lugha yetu ina mifano ya jambo hilihili inayouzwa asubuhi kando ya barabara.

Tuanze na hilo la mawili mawili, kwa kuwa halihitaji kamusi. Aliyewahi kusimama chini ya mparachichi Rungwe, Njombe au Murang'a anajua kwamba tunda hili huning'inia moja peke yake, au matatu, au kichane cha matano. Mawili huwepo pia, kama unavyoweza kukuta maembe mawili. Aliyetunga maelezo hayo alilijua parachichi la dukani.

Sasa jina lenyewe. Guakamole ni neno la Kihispania cha Meksiko, na Wahispania walilipata kutoka Kinahuatl, lugha ya Wamexika (hao ndio tunaowaita Waazteki) na ya majirani zao wengi. Katika Kinahuatl ni āhuacamōlli. Litamke kama awakamoli, ukivuta a ya kwanza na o, wala hutakuwa mbali. Ndani yake kuna maneno mawili: āhuacatl, parachichi, na mōlli.

Ile -tl ya mwisho haitakiwi kumtisha Mswahili. Sisi nomino zetu huvaa alama mwanzoni: m-ti, ki-ti, u-fagio. Kinahuatl huvalisha alama mwishoni: -tl, -tli au -li. Neno linapounganishwa na jingine linalolifuata, alama hiyo huvuliwa. Ndiyo maana āhuacatl ikiingia kwenye muungano hubaki āhuaca-, halafu mōlli inafuata ikiwa na alama yake. Tena mpangilio wao ni kinyume cha wetu. Sisi tunataja kitu chenyewe kwanza, kisha tunaeleza ni cha nini: mchuzi wa nazi, mchuzi wa pweza. Wao huanza na maelezo, kitu chenyewe kikaja mwisho. Kwa hiyo katika āhuacamōlli kitu kinachotajwa ni mōlli, na parachichi liko pale kutuambia ni mōlli ya aina gani.

Mōlli ndiyo nini? Ni mchuzi, lakini mchuzi mzito, wa vitu vilivyopondwa au kusagwa. Pwani tungesema rojo. Neno hilo halijafa wala halijajificha. Wamexico hulitamka mole kila siku. Mole poblano, ule mchuzi wa rangi ya udongo mweusi kutoka Puebla wenye pilipili kavu za aina kadhaa, viungo na chokoleti kidogo, unaomwagiwa juu ya nyama ya bata mzinga, ni mōlli hiyohiyo. Chilmole ni mōlli ya pilipili. Kinu kidogo cha jiwe la volkano chenye miguu mitatu, ambacho Wamexico hupondea guakamole mpaka leo, kinaitwa molcajete, kutoka mōlcaxitl: mōlli na caxitl, bakuli. Bakuli la mchuzi. Jiko zima unaweza kulisoma kwa Kinahuatl bila kufungua kitabu.

Hata kwenye mōlli kuna waliojikwaa. Kihispania kina kitenzi moler, kusaga. Mole husagwa. Basi watu wakahitimisha kwamba mole imetokana na moler, na ukimweleza mtu kwamba neno la Kinahuatl lilikuwepo kabla meli ya kwanza ya Mhispania haijaonekana Veracruz, anakutazama kama unayemnyang'anya kitu. Maneno mawili yakifanana sura, tunayafanya ndugu. Hapa kwetu tuna Bagamoyo, ambayo kila mgeni huambiwa ni "bwaga moyo", kisha inategemea ni mwongozaji gani umempata: mmoja atasema ni mtumwa aliyeuacha moyo wake ufukoni, mwingine atasema ni mpagazi aliyefika mwisho wa safari akapumua. Hadithi mbili zilizo kinyume kabisa zimetundikwa kwenye msumari mmoja, na zote zinapokelewa kwa machozi.

Turudi kwenye korodani. Chanzo kipo, na kina jina: Alonso de Molina, mtawa wa Kifransisko, ambaye kamusi yake kubwa ya Kihispania na Kinahuatl ilichapishwa Mexico City mwaka 1571. Molina si mtu wa kudharau. Aliletwa Meksiko akiwa mtoto mdogo, akajifunza Kinahuatl kwa kucheza na watoto wenzake wa pale, na baadaye watawa wazima walimtegemea yeye, mtoto, awe mkalimani wao. Kwa maana nyingine, lugha aliyoijua haikuwa ya hekaluni peke yake. Alijua na ya uchochoroni. Kwenye kamusi yake, chini ya auacatl, ameandika maneno machache tu: tunda linalojulikana, au compañón.

Compañón, katika Kihispania cha zamani, ni korodani.

Hiyo ndiyo mbegu ya hadithi yote. Na isomeke ilivyoandikwa: tunda kwanza, tena tunda ambalo halihitaji maelezo kwa sababu kila mtu analijua, kisha "au". Molina hakusema tunda limeitwa kwa jina la kiungo. Alisema neno hilo lina matumizi mawili, na la kwanza ni lile la sokoni. Ukitaka korodani kwa jina lake la kawaida, Kinahuatl kina neno jingine, ātetl, ambalo kwa sehemu zake ni jiwe la maji. Mawe yalikuwa na kazi nyingi kwao. Hata yai waliliita totoltetl, jiwe la bata mzinga. Kwa hiyo mtu wa Tenochtitlan, mji mkuu wa Wamexika, aliyetaka kuwa na adabu, au aliyetaka kuchekesha, angeweza kusema maparachichi, na wenzake wangeelewa.

Kinachonifurahisha zaidi kwenye mstari ule wa Molina ni neno lake mwenyewe. Compañón limejengwa juu ya neno la mwenzi, mwandani, kwa kuwa ni viungo viwili visivyoachana. Mtawa, akieleza utani wa Wanahua, yaani wasemaji wa Kinahuatl, ametumia utani wa Wahispania. Je, kuna mtu amewahi kuandika kwamba Wahispania walipowaita watu wenzi wao walikuwa, kwa asili ya neno, wakiwaita korodani? Hakuna. Kihispania tunakiona ni lugha ya watu wenye akili timamu, wanaojua tofauti kati ya neno na mzaha wake. Kinahuatl hakikupewa heshima hiyo.

Sasa mfano nilioahidi. Kitumbua. Unga wa mchele uliolowekwa na kusagwa, tui la nazi, hamira, sukari, iliki. Mama anamimina kwenye chuma chenye vishimo, anageuza kwa kijiti, na ukipita saa kumi na mbili asubuhi harufu inakushika shati. Kitumbua kina maana ya pili. Mswahili aliyekua mtaani anaijua, sitaiandika hapa, na asiyeijua asimuulize mama mkwe. Ni matani ya watu wazima. Yanachekesha kwa sababu kila mtu anajua kwanza kitumbua cha kula. Bila kile cha kwenye chuma, kile cha pili hakina nguvu yoyote.

Fikiria basi mgeni miaka 450 ijayo, Kiswahili cha leo kimebadilika, naye amepata kamusi ya mtaani iliyoandika: kitumbua, andazi la mchele linalojulikana, au sehemu za siri za mwanamke. Anaandika kwa watu wa kwao kwamba Waswahili wa kale walikipa kitafunwa chao cha asubuhi jina la kiungo hicho. Anaongeza kwamba msemo wao mashuhuri, kitumbua kimeingia mchanga, ulihusu mambo ya ufukweni. Watu wanacheka, wanasambaza. Mwenye kujua Kiswahili akijitokeza kusema hapana, wanamwona hana ucheshi.

Au chukua neno lisilo na matani kabisa: mbegu. Daktari anasema mbegu za kiume bila kucheka, na magazeti yanaandika hivyohivyo. Hakuna mkulima anayedhani kwamba alipokwenda kununua mbegu za mahindi alitaja kitu kilichoazimwa kutoka kwa mwanamume. Tunajua nani amemwazima nani. Shamba lilitangulia, mwili ukafuata. Lugha nyingi huenda njia hiyo, kwa sababu viungo vya mwili ambavyo adabu inakataza kuvitaja hutafuta majina ya vitu vilivyo mezani na shambani: mayai, ndizi, njugu. Safari ya kurudi, tunda linalojulikana na watoto na wazee lianze maisha yake kwa jina la kiungo cha siri, si jambo lisilowezekana, ila anayelidai ndiye mwenye kazi ya kulithibitisha. Mstari wa Molina hauthibitishi.

Na kuna ushahidi wa upande wa pili. Parachichi ni la kale mno Meksiko. Katika mapango ya bonde la Tehuacán, jimbo la Puebla, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta makokwa yake yaliyoachwa na watu maelfu ya miaka kabla Wamexika hawajaanzisha Tenochtitlan, mji ambao mwaka wake huwekwa kuwa 1325. Watu wote wa eneo hilo walikuwa na jina lake. Wamaya wa Yucatán huliita oon. Na Kinahuatl chenyewe, pembeni ya āhuacatl, kina pahuatl, parachichi kubwa lenye ngozi nene, ambalo katika Kihispania cha Meksiko limekuwa pagua na bado lipo sokoni.

Hiyo p si jambo dogo. Kinahuatl ni cha familia ya lugha zinazoenea kaskazini mpaka Marekani, na mahali ambapo ndugu zake wana p mwanzoni mwa neno, chenyewe mara nyingi kimeidondosha. Maji kwa Wahopi wa Arizona ni paahu, kwa Washoshoni ni paa. Kwa Kinahuatl ni ātl. Ukiliweka hilo mezani, pahuatl na āhuacatl zinaanza kuonekana ndugu wa tumbo moja, jina la kale la tunda ambalo katika upande mmoja limepoteza p na katika upande mwingine limeibakiza. Na ile pahuatl, kokote ilikobaki, hutaja tunda tu. Kama korodani ndiyo ingekuwa mzizi, tungetarajia kuikuta huko chini kabisa. Haipo. Inajitokeza juu, kwenye tawi moja, kama matani yote.

Jina likapanda meli. Wahispania walisikia awa- na wakaiandika kwa g, kama wanavyofanya kwa maneno mengi yanayoanza na sauti ya w. Ile -tl iliyowashinda ikawa -te. Āhuacatl ikawa aguacate, tomatl ikawa tomate, coyotl ikawa coyote. Āhuacamōlli ikapoteza a yake ya mwanzo na kuwa guacamole. Mabaki ya safari hiyo tunayo hapa. Ukikaa kwenye kibanda cha chipsi Dar es Salaam, muuzaji akauliza "nikuwekee tomato?" akiwa ameshika ile chupa nyekundu, amekuuliza swali lenye neno la Kinahuatl ndani yake. Chokoleti nayo ilipita njia hiyohiyo ya Meksiko.

Aguacate ilikuwa na bahati mbaya ya kufanana na neno la Kihispania la wakili, ambalo zamani liliandikwa pia avocado. Watu wakalivuta jina geni kuelekea lile wanalolijua. Wafaransa wakalipokea likiwa tayari limevaa joho, na kwao mpaka leo avocat ni tunda na ni mtetezi mahakamani. Ndiyo maana Lubumbashi na Bukavu wanasema avoka, na Kigali vilevile, ambako muktadha ndio unaokuambia kama mtu anakwenda kuonana na avoka au kumla. Waingereza waliongeza kichekesho chao, pea la mamba. Pwani yetu ilichukua nusu iliyo salama, ndiyo maana Kiswahili cha zamani kina pea na mti wake mpea, kabla parachichi halijatamalaki upande wa Tanzania na avokado upande wa Kenya. Peru, Chile na Argentina hawamo kabisa kwenye ukoo huu. Wao husema palta, neno la Kikechua.

Wakulima wa California ndio walioona mapema kwamba jina linauza au linaua. Walipounda chama chao mwaka 1915, walilikataa lile jina la mamba, wakaona aguacate ni gumu kwa ulimi wa mteja, wakashika avocado. Majina ya aina za parachichi tunazopanda sisi yana sura hiyohiyo ya biashara na bahati. Fuerte, ambayo mkulima wa Murang'a anaijua vizuri, ilitolewa Atlixco, Puebla, mwaka 1911, ikapelekwa California kama vikonyo vya kupandikiza. Baridi kali ya 1913 iliua miche mingine, yenyewe ikasimama, ndipo ikaitwa fuerte, imara. Hass ni Rudolph Hass, tarishi wa posta wa California aliyeipatia hataza mwaka 1935. Njombe yote imejaa jina la tarishi.

Na usimsahau mwalimu wa kemia. Amedeo Avogadro, yule wa 6.02 × 10²³, idadi ya chembe katika moli moja, ni Mwitaliano ambaye jina la ukoo wake nalo limetokana na wakili. Moli ya kemia imetokana na molekuli kupitia Kijerumani. Kwa hiyo wanafunzi wanaochora parachichi pembeni ya namba ya Avogadro wamekutanisha maneno ambayo hayana undugu wowote na mchuzi wa Wamexico. Lakini wao wanajua kwamba wanatania, na hapo ndipo ninapowaheshimu kuliko waandishi wengi wa mambo ya chakula.

Kwa nini basi hadithi ya korodani haifi? Sababu ya kwanza ni ya wazi: inachekesha, na mezani inafaa. Ya pili ni ya zamani kidogo. Parachichi lilishahusishwa na ashiki kabla ya mitandao. William Dampier, baharia na haramia wa Kiingereza aliyezunguka pwani za Amerika, aliandika katika kitabu chake cha 1697 kwamba tunda hili lasemekana kuamsha hamu, na kwamba kwa sababu hiyo Wahispania wanalithamini sana. Mtu huyohuyo ameandika kwamba, kwa kuwa halina ladha yake lenyewe, hupondwa sahanini na sukari na maji ya ndimu, au huliwa kwa chumvi kidogo na ndizi ya kuchoma. Hili la ndizi na la sukari limenikumbusha nyumbani kuliko mapishi yoyote ya kisasa niliyosoma. Mama yangu alitulisha parachichi na sukari kwa miaka, na hamu pekee iliyoamka ilikuwa ya kulamba bakuli.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniudhi. Kinahuatl kinazungumziwa kama kaburi. Watu husema "Waazteki waliamini", "Waazteki waliita", kana kwamba wa mwisho wao alikufa Tenochtitlan ilipoanguka mwaka 1521. Sensa ya Meksiko ya 2020 ilihesabu wasemaji wa Kinahuatl zaidi ya milioni 1.6. Wako milimani Puebla, wako Guerrero, wako Huasteca, wako Milpa Alta ndani ya mji mkuu wenyewe. Wanaamka, wanakwenda sokoni, wanasema āhuacatl, wanarudi na parachichi. Anayetaka kujua neno lina maana gani angeweza kuwauliza. Badala yake anachukuliwa mtawa wa 1571, anasomwa nusu mstari, kisha lugha ya watu walio hai inafanywa kichekesho cha chakula cha jioni. Sisi tuliozoea kuona Kiswahili kikigeuzwa maneno mawili matatu ya kuuzia fulana, tungeweza kunusa jambo hili kutoka mbali.

Kuna mji unaoitwa Ahuacatlan, mahali penye maparachichi. Waandishi wa Kinahua walichora majina ya miji kwa picha, na huu waliuchora kwa mti ulioota meno. Meno kwa Kinahuatl ni tlantli. Mwandishi aliyahitaji kwa ajili ya sauti ya -tlan, ile inayosema "mahali". Aliyekuwa akisoma aliuona mti, akayaona meno, akatamka jina la mji, wala hakuogopa kuumwa. Namna yao ya kuandika ilitegemea msomaji anayejua lini picha ni kitu chenyewe na lini ni sauti tu ya kupitia.

Nilimweleza mpwa wangu sehemu ya haya, si yote. Chakula kilikuwa kinapoa. Alisikiliza kwa heshima, akauliza kama kwenye kazi anaweza kuendelea kuwasimulia wageni ile ya korodani, kwa sababu inaleta bahashishi. Nikamwambia hilo ni kati yake na wageni wake. Kisha nikamwambia jambo ambalo lilimgusa zaidi kama mpishi: kati ya vitu alivyotia bakulini, ndimu, kotmiri na kitunguu maji vilifika Meksiko kwa meli za Wahispania. Wanahua walikuwa na parachichi, nyanya, pilipili na chumvi.

Dada alikuwa kimya muda wote.

"Kwa hiyo ni mchuzi wa parachichi," alisema.

"Ndiyo, dada. Neno kwa neno."

"Si mngesema tangu mwanzo." Akavuta bakuli upande wake, akaonja, akamtazama mwanawe. "Pilipili haitoshi."